Kuunganisha nyumba na mtandao wa majitaka Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maombi mengi ya kuunganishwa na bomba la majitaka hayakwami kwenye karatasi. Yanakwama kwenye kina. Mwenye nyumba ana hati, ana fedha, ana fundi, lakini choo chake cha nyuma kiko chini kuliko bomba la mtaani, au sakafu imeshamwagwa zege na hakuna tena nafasi ya mteremko. Kwa hiyo majibu haya yanazungumzia vipimo sawa na yanavyozungumzia vibali. Kama bado hujajenga, soma sehemu ya kina kabla ya kuchimba msingi.

Kibali cha kuunganisha kinatolewa na nani?

Dar es Salaam kinatolewa na DAWASA, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira, si na ofisi ya Jiji wala Manispaa. Watu wengi huanzia halmashauri na kupoteza wiki nzima. Halmashauri, iwe Jiji la Dar es Salaam (ile iliyokuwa Ilala hadi mwaka 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, inatoa kibali cha ujenzi na kusimamia afya ya mazingira. Bomba la majitaka lenyewe ni mali ya DAWASA, na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya mwaka 2019, inaipa mamlaka ya maji dhamana juu ya kila kinachoingia humo.

Bomba likilazimika kukata barabara, kuna ruhusa nyingine ya mwenye barabara. Tutaifikia.

Nitajuaje kama mtaa wangu una bomba la majitaka?

Usitegemee mifuniko unayoiona barabarani. Mingine ni ya simu, mingine ya umeme, mingine ya mifereji ya mvua iliyofunikwa. Mtandao wa majitaka wa Dar es Salaam ni mdogo kuliko ule wa majisafi: upo katikati ya jiji, Upanga, Kariakoo na baadhi ya maeneo ya Ilala, Magomeni, Mikocheni, Kurasini, Vingunguti, eneo la Chuo Kikuu na kwingineko kwa vipande. Hata ndani ya kata moja, mtaa huu unao na ule wa pili hauna.

Nenda ofisi ya DAWASA ya mkoa wa kihuduma unaohusika na eneo lako, ukiwa na namba ya kiwanja na eneo kamili kwenye ramani ya simu. Ukishatambua mahali, muulize mhudumu maswali matatu: bomba lililo karibu lina kipenyo gani, chemba (shimo la ukaguzi lenye mfuniko) iliyo karibu iko wapi, na kina cha bomba ndani ya chemba hiyo ni kiasi gani. Jibu la swali la tatu ndilo lenye thamani kuliko yote.

Kwa nini kina ni muhimu kiasi hicho?

Kwa sababu majitaka yanatembea kwa mteremko tu. Hakuna presha inayoyasukuma kama ilivyo kwa majisafi. Bomba lako lazima lishuke mfululizo kutoka choo cha mbali kabisa hadi kwenye chemba ya DAWASA, na lifike pale likiwa juu ya sakafu ya bomba la mtaani. Sakafu ya bomba ni sehemu ya chini kabisa ndani yake, mahali maji yanapopita.

Hesabu yake fundi yeyote anaweza kuifanya. Tuseme umbali kutoka chemba ya kwanza nyuma ya nyumba hadi chemba ya DAWASA ni mita 24, na unatumia bomba la milimita 110 (wengi huliita inchi 4) kwa mteremko wa 1 kwa 40, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita. Mshuko wote ni 24 ÷ 40, sawa na mita 0.6. Chemba ya kwanza ikiwa na kina cha mita 0.5, bomba litafika mwisho likiwa mita 1.1 chini ya usawa wa uwanja wako.

Sasa upande wa barabara: sakafu ya bomba la DAWASA iko mita 1.5 chini ya mfuniko, lakini barabara imeinuliwa kwa kifusi na iko sentimita 30 juu ya uwanja wako. Kwa hiyo ukipima kutoka usawa wa uwanja, una mita 1.2 tu. Mita 1.1 ni chini ya 1.2, kazi inawezekana, na zimebaki sentimita 10.

Badilisha umbali uwe mita 40. Mshuko unakuwa mita 1.0, ukijumlisha na kina cha kuanzia unapata 1.5. Haiwezekani. Hapa mafundi wengi hukimbilia bomba kubwa zaidi wakidhani litasaidia. Kwa nyumba moja halisaidii: maji machache ndani ya bomba pana hutandaa na kuwa membamba, yanapita na kuacha kinyesi nyuma. Kilicho sahihi ni kubaki na milimita 110 na kupunguza mteremko hadi 1 kwa 80, mradi choo cha kuflashi kimwage ndani yake na bomba lilazwe kwa umakini mkubwa, bila bonde hata la sentimita moja. Mshuko unakuwa mita 0.5, jumla mita 1.0, na umebaki na sentimita 20.

Mteremko mkali kupita kiasi nao si zawadi. Bomba lenye mteremko mkali sana ardhini huwa chanzo cha kelele, mtikisiko kwenye viungio na mmomonyoko chini ya bomba. Ukiwa na mshuko wa ziada, uutumie kwa hatua moja ndani ya chemba: bomba linaingia juu na kushushwa kwa kipande cha wima hadi chini.

Nipimeje tofauti ya usawa bila mpimaji?

Tumia mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi ujenzi hutumia kupiga usawa. Ujaze maji, hakikisha hakuna kiputo hata kimoja, kisha mtu mmoja ashike ncha kwenye chemba ya nyuma na mwingine kwenye mfuniko wa DAWASA. Maji yakitulia, pima kutoka usawa wa maji hadi chini kwa kila upande. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo tofauti ya usawa. Kama umbali ni mrefu kuliko mpira, piga kwa hatua na uandike kila kipimo. Kwa nyumba ya ghorofa au kiwanja kirefu, mlipe mpimaji mwenye kifaa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kufukua mtaro mara mbili.

Kufungua mfuniko wa DAWASA mwenyewe ili upime kina hairuhusiwi na ni hatari. Omba fundi wao apime.

Niende na nyaraka zipi?

Fomu ya maombi, kitambulisho (namba ya NIDA ndiyo inayorahisisha), uthibitisho wa umiliki, na akaunti yako ya majisafi kama tayari unayo. Uthibitisho wa umiliki ni hati miliki, leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano uliothibitishwa. Pale ambapo hati haijatoka, barua ya Serikali ya Mtaa inayokutambulisha kama mmiliki husaidia. Mpangaji aje na barua ya mwenye nyumba, maana bomba linabaki na nyumba na si na mpangaji.

Ambatisha mchoro. Hauhitaji kuwa wa msanifu kama ni nyumba ya kawaida, ila uonyeshe kiwanja na mipaka yake, nyumba, kila choo, bafu na sinki la jikoni, chemba zote na kina cha kila moja, njia ya bomba hadi barabarani, kipenyo na mteremko. Ombi lenye mchoro wenye vina humfanya mkaguzi aje kuthibitisha. Lisilo na mchoro humfanya aje kuanza upya.

Majengo ya ghorofa, hoteli, shule na viwanda hudaiwa zaidi: michoro ya mhandisi, makadirio ya majitaka kwa siku, na pale mradi unapohitaji, cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira.

Hatua zinafuatana vipi?

Unawasilisha ombi. Mkaguzi wa DAWASA anafika kiwanjani, anaangalia njia, anapima umbali na kina, anakagua kama maji ya mvua yametenganishwa. Baada ya hapo unapata makadirio ya gharama pamoja na namba ya malipo ya serikali, ile ya kulipia benki au kwa simu. Ukishalipa, kazi ya upande wako ikaguliwe mitaro ikiwa wazi, kisha mafundi wa DAWASA wanaunganisha kwenye bomba lao. Mwisho akaunti yako inaongezewa huduma ya majitaka.

Mambo mawili huharibu mtiririko huu. La kwanza, kufukia mtaro kabla ya ukaguzi. Mkaguzi ana haki ya kukutaka ufukue, na ana sababu nzuri, kwani bomba lililofukiwa halionyeshi bonde wala kiungio kilichokaa upande. La pili, kumlipa mtu fedha mkononi. Malipo yote halali yana namba ya malipo na risiti inayosomeka jina la mamlaka. Asiyekupa namba hiyo hakupi pia mahali pa kudai kazi ikiharibika.

Gharama zinajumuisha nini?

Zigawanye mafungu manne, na uombe kila fungu liandikwe peke yake: ada za DAWASA na kazi ya kuunganisha, vifaa na ufundi wa ndani ya kiwanja chako, ambao ni juu yako, ruhusa ya kukata barabara na gharama ya kuirudisha kama ilivyokuwa, na kuondoa shimo la zamani. Katika nyumba iliyo mbali na chemba, mtaro na barabara humeza fedha kuliko mabomba. Ndiyo sababu majirani watatu au wanne wa mtaa mmoja wakiomba pamoja hupata nafuu kubwa: barabara inakatwa mara moja.

Bomba linavuka barabara. Nani anatoa ruhusa?

Barabara za mitaa na nyingi za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Ukiwa hujui, uliza ofisi ya TARURA ya wilaya yako; watakuambia papo hapo ni ya nani. Wanachotaka ni barua ya maombi, mchoro wa mahali pa kukatia, urefu na upana wa mkato, siku za kazi, na dhamana ya kurudisha barabara.

Kwenye lami mkato hufanywa nusu kwa nusu ili magari yaendelee kupita. Chini ya barabara bomba liwe na udongo usiopungua sentimita 90 juu yake; likishindikana, lizungushiwe zege la sentimita 15 pande zote. Kushindilia ndiko kunakosahaulika. Udongo urudishwe kwa tabaka za sentimita 15 hivi, kila tabaka lishindiliwe likiwa na unyevu. Mtaro uliojazwa kwa mkupuo mmoja hushuka mvua ya kwanza ya masika, gari linatumbukia tairi, na bomba linavunjika shingoni.

Njia pekee inapita kwa jirani. Inawezekana?

Inawezekana kwa maandishi. Muandikiane makubaliano yanayotaja upana wa njia, kina cha bomba, haki ya kuingia kuzibua, na katazo la kujenga juu yake, mkayasaini mbele ya Serikali ya Mtaa. Wakili ni bora zaidi, kwa sababu jirani akiuza, mnunuzi mpya atataka kuona karatasi. Neno la mdomo kati ya wazee wawili wanaoheshimiana halimfungi mtoto aliyerithi.

Kwenye makazi yaliyobanana kuna mfumo rahisi wa majitaka, kama uliojengwa sehemu za Vingunguti, ambao mabomba membamba hupita uani na kwenye vichochoro kwa kina kifupi, mahali gari halipiti. Huko makubaliano ya majirani ni sehemu ya mradi wenyewe.

Ninunue bomba gani?

Bomba la uPVC (plastiki ngumu) la majitaka, linalozikwa ardhini, si lile jembamba la kupitishia hewa ukutani. Ukilibinya kwa mkono dukani likaingia ndani, liache. Kwa nyumba ya familia milimita 110 linatosha; milimita 160 ni kwa nyumba za vyumba vingi vya kupangisha, ghorofa, au pale mistari kadhaa inapokutana. Choo kamwe kisiingie kwenye bomba lenye kipenyo chini ya milimita 110.

Kona ya nyuzi 90 usiiweke ardhini. Tumia bendi mbili za nyuzi 45, au weka chemba. Mstari unaoingia kwenye mwingine uingie kwa mshazari ukielekea mtiririko unakokwenda, usigongane nao uso kwa uso.

Viungio vya ringi ya mpira vinavumilia ardhi inayocheza kuliko vya gundi. Kabla ya kusukuma, safisha mchanga kwenye ringi na upake sabuni ya maji, si grisi, kwa kuwa grisi hula mpira. Mdomo mpana wa bomba utazame juu mteremko unakotoka.

Bomba lilazwe vipi?

Mtaro wa upana wa sentimita 45 hadi 60, chini pawe pamenyooka. Weka tandiko la mchanga au kokoto ndogo la sentimita 10, kisha bomba lote lilale juu yake; chimba kidogo chini ya kila mdomo ili uzito usibebwe na viungio peke yake. Kuweka bomba juu ya vipande vya tofali ili kupata mteremko, kisha kufukia, ni kosa linaloonekana kila siku. Baada ya mwaka bomba linapinda katikati ya tofali na tofali, na kila pinda linakuwa bwawa.

Jaza pembeni kwa mchanga, ukishindilia kwa miguu na kijiti, halafu sentimita 30 za udongo usio na mawe juu ya bomba kabla ya kutumia mashine yoyote. Sehemu isiyopita gari, udongo juu ya bomba usipungue sentimita 60. Penye kina kifupi zaidi, linde bomba kwa zege au bamba la zege lisiloligusa.

Maeneo ya karibu na bahari yana mchanga na maji ya chini ya ardhi yaliyo juu. Mtaro unaozidi mita 1.2 uwekewe mbao za kuzuia kingo. Mchanga uliolowa humfunika mtu kwa sekunde chache.

Chemba zinahitajika wapi na zijengwe vipi?

Kila mahali bomba linapogeuka, linapobadilisha mteremko au kipenyo, linapopokea mstari mwingine, na ya mwisho ndani ya kiwanja chako karibu na mpaka. Kwenye mstari ulionyooka usipitishe mita 20 bila chemba, maana fito za kuzibulia za mafundi wengi hazifiki mbali zaidi kwa nguvu.

Kwa kina cha hadi mita moja, ukubwa wa ndani wa sentimita 60 kwa 60 unatosha. Ikizidi hapo, iongezwe hadi mtu aweze kufanya kazi ndani. Sakafu ya zege la sentimita 15, uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kuta za tofali za inchi 6 zilizojaa. Plasta ya ndani 1:3 (saruji kwa mchanga) iliyopigwa niru. Kisha sehemu inayopuuzwa: katikati ya sakafu pawe na mfereji wa nusu duara wenye kipenyo cha bomba, na pande zake ziinuliwe kwa zege zikitelemkia mferejini. Chemba yenye sakafu bapa hugeuka sahani. Kinyesi hukaa pembeni, hukauka, na baadaye huanguka kwa bonge na kuziba.

Mfuniko wa sehemu ya gari uwe wa chuma kizito au zege lenye nondo. Chemba iinuke kidogo juu ya uwanja ili maji ya mvua yasiingie.

Harufu tutaizuiaje?

Kwa mambo mawili yanayofanya kazi pamoja. Kila sinki, bafu na choo kiwe na mtego wa maji, wenye maji ya kina kisichopungua sentimita 5. Mtego wa nje ya jikoni wengi huuita gali trapu. Halafu bomba la hewa la milimita 110 mwanzoni mwa mstari, lipande hadi juu ya paa, angalau sentimita 90 juu ya dirisha lolote lililo ndani ya mita 3. Bila bomba la hewa, choo kikiflashiwa hunyonya maji ya mitego mingine na kuiacha tupu. Ukisikia sinki la bafuni likigugumia choo kikiflashiwa, tatizo ni hewa, wala usimwite mzibuaji.

Kazi inajaribiwaje kabla ya kufukia?

Ziba ncha ya chini, jaza bomba maji kupitia chemba ya juu, liache saa 2 linywe, ongeza maji kufikia alama, halafu tazama kwa dakika 30. Maji yakishuka kwa wazi, kuna kiungio kinachovuja. Kitafute kwa kugusa chini ya kila mdomo. Baada ya hapo mulika tochi kwenye chemba moja na utazame kwa kioo kwenye nyingine. Ukiona duara kamili, bomba limenyooka. Ukiona nusu duara au mwezi mwandamo, kuna bonde au kona. Mpira wa duara wenye kipenyo kidogo kuliko bomba kwa sentimita moja na kitu, ukisukumwa na maji, uteremke wenyewe hadi mwisho.

Fundi wangu anaweza kutoboa bomba kuu mwenyewe?

Hapana. Kujiunganisha bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya 2019, lakini sababu ya kiufundi ina uzito wake. Bomba lililotobolewa kwa nyundo na kuingizwa lingine, likazungushiwa saruji, huacha ncha imejitokeza ndani. Matambaa na nywele hunasa hapo, na mtaa mzima unafurika kwa ajili ya nyumba moja. Mafundi wa mamlaka huunganisha kwenye chemba, au kwa kiungio maalumu kinachokaa juu ya bomba bila kuingia ndani.

Maji ya mvua yanaweza kuingia humo humo?

Hayaruhusiwi kabisa, na hapa ndipo wakaguzi hukataa kazi bila mjadala. Chukua paa la mita za mraba 150. Mvua ya milimita 50 kwa saa moja, ambayo Dar es Salaam hunyesha masika ya kawaida, hutoa lita 7,500. Familia ya watu 6 inayotumia lita 100 kila mmoja hutoa lita 600 kwa siku. Saa moja ya mvua ni sawa na majitaka ya siku 12 na nusu. Paa ishirini zikifanya hivyo, mfuniko wa chemba ya bondeni unanyanyuka na kinyesi kinaingia sebuleni kwa watu ambao hawakukosa lolote.

Maji ya paa na ya uwanja yaende kwenye mfereji wa mvua, kisima cha kuhifadhia, au shimo la kunywea.

Nina mgahawa, saluni, gereji au kiwanda. Kuna la ziada?

Mgahawa, hoteli na mama lishe anayepikia ndani ya jengo wanahitaji mtego wa mafuta kati ya jiko na chemba ya kwanza. Mafuta ya moto hupita kama maji, hupoa mita kadhaa mbele na kuganda. Ukubwa wake: kadiria maji ya jikoni katika saa yenye kazi nyingi, kisha mtego uweze kuyashikilia kwa nusu saa. Jiko la lita 1,000 kwa saa linahitaji mtego wa lita 500. Usafishe mafuta na mashapo yanapofika robo ya kina. Mtego uliojaa ni sawa na kutokuwa nao. Maji ya vyoo yasipite humo.

Saluni iweke chujio la nywele. Gereji na wanaoosha magari waweke chemba ya kutuliza mchanga na ya kutenganisha oili. Kiwanda kinahitaji idhini yake ya maandishi inayotaja kiasi na ubora wa majitaka, mara nyingi pamoja na kuyasafisha kwanza. Sababu ni kwamba majitaka ya mitandao mingi hapa huishia kwenye mabwawa, kama ya Vingunguti, ambayo kazi yake inafanywa na bakteria na mwani. Asidi, magadi makali na dawa za kuua vijidudu zinawaua wafanyakazi hao.

Nyumba yangu iko chini ya barabara. Kuna njia?

Kwanza tazama kama kuna bomba upande wa nyuma, ulio bondeni zaidi. Kama halipo, linalobaki ni tangi la kukusanyia lenye pampu ya majitaka, inayosukuma hadi chemba iliyo juu. Liwe na pampu mbili zikipokezana, kengele ya kujaa, na nafasi ya akiba kwa saa za umeme kukatika. Maombi ya namna hii yaandikwe na mhandisi.

Pale ambapo mteremko unatosha lakini sakafu ya bafu iko chini kuliko mfuniko wa chemba ya mtaani, weka vali ya kuzuia majitaka kurudi, ndani ya chemba inayofunguka. Bomba la mtaani likiziba, majitaka hutafuta tundu la chini kabisa kutokea, na tundu hilo linaweza kuwa bafu lako. Vali hiyo ifunguliwe na kusafishwa kila baada ya miezi michache.

Shimo la zamani nilifanyeje?

Lisiachwe tupu. Ita gari la majitaka linyonye yote, lisuuzwe na kunyonywa tena, sakafu itobolewe ili maji yasituame, kisha lijazwe mchanga au kifusi kwa tabaka zinazoshindiliwa. Shimo lililoachwa wazi huporomoka chini ya mtoto, na huzalisha mbu aina ya Culex, ambao hapa Pwani ndio wanaoeneza matende na mabusha.

Mtu asiingie ndani, hata limeshanyonywa. Gesi ya hidrojeni salfaidi ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo kutosikia harufu si usalama. Vifo vya mashimoni mara nyingi huwa viwili au vitatu kwa pamoja kwa sababu wa pili alishuka kumwokoa wa kwanza.

Majitaka ya nyumba yasipitishwe kwenye shimo la zamani yakielekea bomba kuu, isipokuwa mamlaka imekuelekeza hivyo, kama kwenye baadhi ya mifumo rahisi.

Bili itakuwaje?

Majitaka hayana mita. Ada hukokotolewa kutokana na majisafi uliyotumia, kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na huonekana kwenye bili moja na ya maji. Mwenye kisima naye analipa, kwa mita inayofungwa kisimani au kwa makadirio. Bomba la majisafi likivuja chini ya ardhi utalipia mara mbili, kama maji na kama majitaka, kwa hiyo lifuatilie. Ukiona ada ya majitaka kwenye bili na hujaunganishwa, andika malalamiko mara moja na uombe ukaguzi.

Chemba inafurika. Nani anazibua?

Fungua chemba yako ya mwisho, iliyo karibu na mpaka. Ikiwa kavu huku ya nyuma imejaa, kizibo kiko kwako. Ikiwa imejaa, kizibo kiko mbele, na hiyo ni kazi ya DAWASA. Toa taarifa na uhifadhi namba ya taarifa hiyo. Visababishi vikubwa ni taulo za kike, nepi, matambaa, mchanga wa kusugulia sufuria na mafuta. Usimwage asidi kuzibua: haiyeyushi nepi, na inamsubiri fundi usoni.

Ombi limekataliwa au limekaa kimya. Nifanye nini?

Omba sababu kwa maandishi. Ikiwa ni kina, rudi kwenye hesabu ya mteremko na njia mbadala. Ikiwa ni uwezo wa bomba, uliza kuhusu mpango wa upanuzi na uendelee na shimo lililojengwa vizuri, huku mabomba ya ndani ukiyaelekeza upande wa barabara tangu sasa. Kama hujaridhika na jibu la mamlaka, malalamiko yanapelekwa EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, husaidia watumiaji kuyaandaa.

Nimenunua nyumba iliyounganishwa kiholela. Nijitokeze?

Ndiyo, mapema. Anayejitaja na kuomba kurasimishwa yuko mahali tofauti sana na anayekutwa na msako. Omba ukaguzi, tayarisha kufungua mahali pa muungano, na utarajie kulipia kazi kurudiwa. Kwa anayenunua sasa: kabla ya kulipa, omba bili ya maji yenye ada ya majitaka, fungua chemba ya mwisho huku mtu akiflashi choo chenye maji ya rangi, na uone yanakoelekea.

Na nje ya Dar es Salaam?

Vipimo ni vile vile, ofisi zinabadilika. Moshi ni MUWSA, Arusha AUWSA, Mwanza MWAUWASA, Dodoma DUWASA, na Tanga ina mamlaka yake. Kibaha na Bagamoyo ziko ndani ya eneo la DAWASA. Zanzibar, mitaro ya majitaka ya Mji Mkongwe husimamiwa na Baraza la Manispaa, wakati ZAWA inashughulika na maji ya kunywa, kwa hiyo ombi la majitaka halianzii ZAWA.